Shamba safi ndo lililotuponza

Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti lenyewe huwa linanifikia limechelewa siku moja au mbili maana linashuka na basi Kibaigwa afu kuna kijana wa bodaboda ndo ananiletea akija kuchukua mzigo, kwaiyo mkiona nachangia habari ambayo nyie mshaisahau msinishangae. Naandika kuhusu ile picha mnayoiweka kila mwaka, nadhani huwa mnabadilisha watu tu, kiongozi kachuchumaa na mche, viatu vinang'aa, pembeni kuna mtu kashika ndoo ya maji na nyuma wanafunzi wanapiga makofi. Chini mnaandika miche elfu kadhaa imepandwa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Sina ugomvi na kiongozi wala na mche. Ila Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili mosi, na Aprili mosi hapa kwetu Kongwa mvua ndo inafunga virago. Mche uliopandwa siku hiyo utapata mvua mbili tatu kama una bahati, baada ya hapo ni jua na upepo hadi Desemba, na mbuzi wa jirani wapo. Kila halmashauri imepangiwa miti milioni moja na nusu kwa mwaka, hesabu inapelekwa juu, lengo limefikiwa, ila mtu wa kurudi mwezi wa kumi kuhesabu iliyobaki mi sijamwona bado.

Na huku humohumo mashambani kwetu, chini ya udongo, kuna miti mingine imelala haijafa, haidai ndoo ya mtu, na sisi wenyewe kila msimu tunaing'oa kwa jembe na kwa trekta kwa sababu tulifundishwa shamba zuri ni shamba safi. Hilo neno safi ndo lililonikalisha niandike.

Mwaka 2008 mzee wangu alipofariki nilibaki na ekari nne upande wa chini ya mlima. Wakati wake lile shamba lilikuwa na mikungugu kama tisa hivi mikubwa, mlama mmoja, mbuyu mmoja ambao mpaka leo upo maana mbuyu nani atauweza, na visiki sijui vingapi ambavyo kila mvua ikinyesha vinachipua na mzee alikuwa akivipita tu na jembe lake anazunguka. Mi nikaona huu ni uzee. Akaja bwana shamba wa wakati huo, kijana mzuri tu, ana pikipiki ya mradi, akaangalia akasema mzee huyu aliacha shamba chafu sana, visiki vinaficha panya, miti inaita ndege na inanyonya mbolea, safisha hili afu uone. Nikatafuta vijana watatu, siku sita, tukang'oa, tukakata, tukarundika katikati tukapiga moto. Mama alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mkungugu wa mwisho anachambua mboga, vijana wakawa wanamsubiri anyanyuke. Akanyanyuka, akachukua ungo wake, akasema tu "haya, na wapalilia mtawaweka wapi saa sita?" akaenda zake nyumbani. Siku ile niliona ni maneno ya mama tu.

Msimu wa kwanza na wa pili mtama ulitoka vizuri na nikajisifu sana kilabuni. Wa nne ukaanza kupungua. Kufika 2015 hivi mvua ya kwanza ya Desemba ilikuwa ikipiga maji hayaingii, yanateleza juu kama kwenye sakafu, yanaondoka na udongo wa juu mwekundu mpaka kwenye korongo, na korongo lenyewe lilikuwa limeshaingia ndani ya shamba langu hatua kama ishirini. Upepo wa mwezi wa tisa ukivuma unaona kabisa shamba linahama.

Mhariri, watu wa Kongwa sisi ndo tulipaswa kuwa wa mwisho duniani kudanganyika na shamba safi, maana babu zetu waliliona kubwa kuliko yote. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapahapa skimu ya karanga, wakaja na matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakawa wanaburuza minyororo kusafisha pori mwituni huko, mti hauachwi. Mibuyu iliwapa tabu sana, hilo wazee wanalisimulia mpaka leo wakicheka. Walipomaliza kusafisha jua likapiga ule udongo wenye mfinyanzi ukawa mgumu kama saruji, karanga hazing'oleki, mvua nayo ikagoma, na mwaka 1951 wakafunga biashara baada ya kutumia pauni karibu milioni 36 za wakati ule. Sehemu ya ile ardhi ndo ikaja kuwa ranchi. Sasa sisi tumefanya kilekile, tofauti yetu ni kwamba tumefanya kwa jembe la mkono, ekari nne nne, polepole, na hakuna aliyeandika kitabu.

Naona mtu anajiuliza hii inahusianaje na gesijoto, yaani hizi hewa zinazoshika joto angani, na joto la dunia, si ni habari ya mavuno tu. Inahusiana moja kwa moja na ndo maana nimekasirika. Wataalamu wa IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, kwenye ripoti yao ya 2022 walisema kilimo, misitu na matumizi mengine ya ardhi yanachangia karibu asilimia 22 ya gesijoto zote zinazotolewa na binadamu. Yaani si magari na viwanda peke yake, na si ng'ombe tu wanaosingiziwa kila siku. Kila mtu anapofyeka na kuchoma ile kaboni iliyokuwa imekaa kwenye mti miaka arobaini inapanda hewani mchana mmoja, afu udongo uliobaki uchi nao unaanza kupoteza ya kwake taratibu kila ukilimwa. Mi ule moto wangu wa 2008 ulikuwa mchango wangu, nasema ukweli.

Kuna mpwa wangu anasoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, likizo moja alikuja akanifundisha kitu ambacho sijakisahau. Tulikuwa tumepogolea mti mmoja, tukaacha matawi yakauke kabisa mpaka yakawa yanalia ka! ka! ukigonga, tukayafunga kamba tukayapeleka kwenye mizani ya jamaa anayenunua alizeti, ikasoma kilo 40. Akasema mjomba, kuni kavu nusu ya uzito wake ni kaboni, kwaiyo hapo una kilo 20. Na kila kilo moja ya kaboni ikiungua inashikana na oksijeni inakuwa kilo 3.67 za hewa ukaa. Akapiga kwenye simu, 73. Akasema hii ni sawa na kuchoma petroli lita thelathini na kitu. Yule wa alizeti akacheka akasema kwaiyo bodaboda yangu nijaze tenki mara tatu ndo nifikie huo mzigo wa kuni? Ndo hivo. Na hayo ni matawi tu ya mti mmoja ambao mti wenyewe umebaki umesimama, una shina, una mizizi imekwenda chini kuliko kisima cha jirani.

Mpwa hakuniacha nifurahi sana. Akasema lakini mjomba hizo kuni shangazi akizichoma jioni kaboni inarudi hewani, usije ukaihesabu. Inayohesabika ni ile iliyosimama shambani na iliyo kwenye mizizi na udongo, pamoja na mti wa mlimani ambao shangazi hatoukata kwa sababu kuni kazipata shambani. Hii ya mwisho watu wanaidharau ila ndo kubwa. Nyumba nyingi nchi hii zinapikia kuni au mkaa, na mke wangu zamani alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda mlimani anarudi saa nne na mzigo mmoja. Saivi hajaenda mlimani tangu 2021. Hajawahi kusikia neno tabianchi likimsaidia kitu, ila hilo la kuni analiongelea mpaka kanisani.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2019 ndo nilianza kuigeuza ile hali. Huku Dodoma kulikuwa kumeanza hii habari ya Kisiki Hai, shirika la LEAD Foundation kwa kushirikiana na Justdiggit la Uholanzi walikuwa wanazunguka vijijini kufundisha, na mi nilikwenda kwa sababu nilisikia hawagawi miche. Nikasema wamekuja mikono mitupu, ngoja nikawasikilize. Somo lenyewe halizidi nusu saa. Unatembea shambani unatafuta kisiki kinachochipua, kile ulichokuwa unakifyeka kila mwaka kama majani. Kina machipukizi kumi, kumi na tano, yanagombania, ndo maana kinakuwa kichaka hakiwi mti. Unachagua matatu au mawili yaliyonyooka, mengine unakata na kisu au panga kali kwa mshazari, afu yale uliyoyaacha unapogolea matawi ya chini mpaka nusu. Unafunga kitambaa cha rangi ili mchunga ng'ombe na dereva wa trekta wajue huyu ana mwenyewe. Basi. Huchimbi shimo wala humwagilii, maana mizizi ipo tayari chini, ya miaka na miaka, kisiki kilikuwa kinangoja ruhusa tu.

Nilipohesabu kwenye ekari zangu nne nilizodhani nimezisafisha kabisa 2008, nilikuta visiki 64 bado viko hai. Miaka kumi na moja ya kufyekwa! Nilikaa chini mhariri.

Wanaosema hii ni kitu kipya cha wazungu nawaambia hapana, na mzungu mwenyewe aliyesifika nayo hakudai ameivumbua. Tony Rinaudo, Mwaustralia, alikuwa Niger eneo la Maradi mwaka 1983 anapanda miche inakufa, anapanda inakufa, siku moja akasimamisha gari akaangalia kichaka kando ya barabara akagundua si kichaka, ni mti uliokatwa unachipua. Tangu hapo wakulima wa Niger wamerudisha miti kwenye karibu hekta milioni 5 za mashamba, na wengi hawakupanda hata mmoja, waliacha kukata tu. Hapa kwetu nako Wasukuma wana ngitili zao za kuachia malisho na miti ipumzike, na mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, tangu 1986 ulirudisha mamia ya maelfu ya hekta kwa kuwarudishia watu utaratibu waliokuwa nao. Wachaga ndo usiseme, kihamba chao, yaani shamba la nyumbani, kina mgomba, chini kahawa, chini tena magimbi, juu miringaringa na miruka mikubwa, vyote ekari moja, na kile cha Shimbwe Juu FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikitambua mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia. Ila tafadhali msituletee migomba Dodoma, kule mvua inanyesha mpaka mtu anachoka, sisi tunahesabu matone. Kila mahali pana mti wake.

Wa kwetu, kama ningepewa kuchagua mmoja tu, ni mkababu. Huu ni mti mjeuri. Mvua zikianza, miti yote inavaa majani, wenyewe unavua. Kiangazi wengine wakiwa uchi wenyewe umejaa majani na maganda. Maana yake mtama wako ukiwa chini yake unakula jua lote, hakuna kivuli cha kulalamikia, na yale majani aliyoyapukutisha ndo mbolea, maana ni jamii ya mikunde, mizizi yake inashirikiana na bakteria kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Afu mwezi wa tisa mbuzi wanashinda chini yake wanasubiri maganda yadondoke na wanakulipia kwa samadi. Kasoro yake ni uvivu wa mwanzo, mtu mwenye haraka hawezi kuuelewa. Mi ninao minne tu na mkubwa bado ananifika begani kidogo kupita.

Hapo kwenye mbolea kuna habari nyingine ya gesijoto ambayo wengi hawaijui na mi mwenyewe nilikuwa siijui. Kwetu huku mbolea ya dukani wengi hatutumii, tuseme ukweli, ila shemeji yangu yuko Songea analima mahindi na bila Urea hapati kitu, na 2022 mfuko wa kilo 50 ulivyopanda mpaka zaidi ya laki moja na ishirini kabla ruzuku haijaja alinipigia simu karibu analia. Sasa ile Urea inatengenezwa kiwandani kwa gesi asilia, hapo hewa ukaa imeshatoka kabla mfuko haujafungwa. Ikifika shambani, ile ambayo mahindi hayakuiwahi sehemu yake inageuzwa na vijidudu vya udongo inakuwa naitrasi oksaidi, na kilo moja ya hiyo inashika joto kama kilo 273 za hewa ukaa kwa hesabu ya miaka mia. 273! Kwaiyo mti kama glirisidia, ambao Malawi pale Makoka wameujaribu na mahindi kwa miaka mingi, unapandwa katikati ya mistari, unakatwa kila msimu, majani yanafukiwa, unachipua tena, unaweza kumpunguzia mtu mifuko. Sisemi aache mbolea kabisa, atalala njaa na mi ndo nitamlisha. Na majani nayo ukiyafukia mengi kupita kiasi hiyo gesi itatoka vilevile, udongo haujui naitrojeni imetoka dukani au imetoka kwenye jani. Ila mfuko mmoja ukipungua kwa ekari, kwa wakulima wote wa nyanda za juu, hiyo si kitu kidogo.

Najua yatakayosemwa maana nimeyasikia yote kijiweni. Kwanza ndege. Kweleakwelea ni adui wa kweli wa mtama, sitamdanganya mtu, na mti unaweza kuwa kituo chao. Lakini nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba wanapenda kile kichaka cha miiba kilichosongamana, wanalala humo maelfu, na mti uliopogolewa una shina moja na kichwa juu si malazi yao. Kwaiyo kwangu wamepungua kuliko kwa jirani aliyeacha vichaka mpakani halafu ndani safi. Hilo la kivuli ni la kweli ukiwa mlafi, ukiacha miti mia kwa ekari ya mahindi unalima kivuli, lazima upogoe kila mwaka kabla ya mvua na ukubali kupunguza mingine ikikua. Mistari miwili ya mtama iliyo karibu kabisa na mkungugu wangu mkubwa inatoka mifupi mpaka leo, hiyo nimeshaikubali. Ila ile ya mbali kidogo, hatua nne tano, mwezi wa pili mvua ikikata wiki tatu kama kawaida yake, hiyo inabaki kijani wakati katikati ya shamba majani yamejikunja kama sigara. Ukichimba kidogo na kidole unakuta unyevu. Mavuno yangu hayajapaa mbinguni, mwaka mzuri na mwaka mbaya bado vipo, kilichobadilika ni kwamba mwaka mbaya sikosi kabisa.

Kubwa kuliko yote ni trekta. Hapa ndo nataka wakubwa wanisikie, maana tunaambiwa kilimo cha kisasa ni trekta na mi sipingi, mgongo wangu wenyewe umeshachoka. Dereva wa trekta akija akaona shamba lina visiki anageuza. Wa mwaka juzi alisimama pale barabarani, hakuzima hata injini, akaniambia mzee hapa nikivunja disiki utanilipa wewe? Bei ilikuwa elfu hamsini kwa ekari, akataka sabini. Nikamwambia shuka tutembee. Tukatembea shamba zima nikimwonyesha vitambaa, nikamwambia miti yangu nimeipanga kwa kupunguza, nimeacha ile inayokaribiana na mstari, njia ya trekta ipo, pita huku rudi huku. Akakuna kichwa, tukamalizana kwa elfu hamsini na tano. Sasa fikiria mtu ambaye hana muda wa kutembea na dereva, si atang'oa tu. Lingekuwa jambo rahisi sana bwana shamba akifundisha watu kupanga visiki kwa mistari ya trekta badala ya kuwaambia wasafishe, na anayekodisha trekta la ushirika apewe maelekezo hayohayo. Na wale wanaopita kuchagua mkulima bora wa Nanenane nao waache kutoa maksi kwa shamba ambalo limenyooka kama uwanja wa mpira. Mi niliwahi kupitiwa na hao watu, walisimama kwenye mpaka, wakaandika kitu, mmoja akasema "miti mingi," wakaondoka. Alama zangu sikuziona.

Kitu kingine kinachowafanya watu wang'oe ni woga. Mtu anakwambia nikiuacha huu mninga ukakua, si utakuwa wa serikali? Na si ujinga, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kweli ina miti iliyohifadhiwa ambayo hata ikiwa shambani kwako kuikata unahitaji kibali, na kibali maana yake nauli ya kwenda wilayani, kurudi, njoo kesho, afisa hayupo. Sasa mtu anafanya hesabu nyepesi: kichipukizi cha mninga cha leo ni tatizo langu la kesho, anakikanyaga kikiwa kidogo hakuna anayemwona. Yaani sheria ya kulinda mti imegeuka sababu ya kuuua utotoni. Kule Niger walikuwa na shida hiyohiyo, mti wote mali ya serikali tangu enzi za Wafaransa, na ni pale askari wa misitu walipoacha kuwasumbua wakulima ndo miti ikaanza kuachwa. Kwanini isitoshe kwa serikali ya kijiji kuandika kwenye daftari kwamba fulani ana miti kadhaa aliyoitunza mwenyewe shambani kwake, na daftari hilo likawa ndo kibali chake? Karatasi moja, mhuri wa kijiji.

Na mifugo. Baada ya mavuno hapa shamba ni la wote, ng'ombe wanaingia wanakula mabua na kila kilicho kijani. Mimi mwenyewe nina ng'ombe sita kwaiyo sijitoi. Kijiji chetu tumekubaliana kwa maneno tu kwamba kitambaa kiheshimiwe na mtoto anayechunga afundishwe, na kwa sehemu kubwa inashikwa, ila kuna wanaotoka mbali wanapita usiku. Sheria ndogo tumeipeleka halmashauri ipitishwe, bado tunasubiri.

La mwisho ni hizi hela za kaboni, maana najua ukishasema mti na hewa ukaa kuna watu wananusa. Nchi yetu ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022 na kituo cha kuratibu kiko hapohapo SUA, na vijiji vya wilaya ya Tanganyika huko Katavi vimepata hela nzuri kwa kutunza msitu wao, hongera kwao. Kwetu alikuja jamaa mmoja na gari safi, akatusainisha fomu watu kama thelathini, akapiga picha miti na vitambulisho vyetu, akasema kila mti una bei Ulaya. Hajarudi na namba yake haipatikani. Lakini hata mkweli akija, msitu wa kijiji na miti 64 ya mtu mmoja ni vitu viwili, kupima tu na kukagua kunaweza kumeza hela yote, na mkataba wenyewe ni wa miaka na miaka, mimi nina umri gani? Mwenye kuacha kisiki kwa sababu ya hela ya kaboni atakikata siku hela ikichelewa. Waache kwa sababu ya kuni, ya mbuzi, ya unyevu wa mwezi wa pili, hiyo hewa ukaa itajihifadhi yenyewe humo ndani bila mtu kuipigia simu.

Ombi langu kwenu wenye gazeti ni dogo. Mwaka huu msije Aprili mosi. Njooni mwezi wa pili katikati, mvua ikiwa imekata, shukeni Kibaigwa nitamtuma yuleyule kijana wa bodaboda, mje na mpiga picha asimame kwenye mpaka wa shamba langu na la jirani. Hatohitaji ndoo wala wanafunzi wa kupiga makofi.

Mama bado yupo, umri umekwenda, macho hayaoni vizuri. Msimu uliopita wakati wa kupalilia tulimleta shambani akakaa chini ya ule mkungugu uliochipua karibu na pale alipokuwa amekaa siku ile ya moto. Si mkubwa, kivuli chake kinatosha watu wanne. Akaupapasa shina akauliza huu mliupanda lini? Nikakosa jibu. Saa sita wapalilia wakaja wakakaa naye, wakala uji wao hapo.

Trekta linakuja wiki ya pili ya Desemba. Dereva ni yuleyule, juzi kanipigia mwenyewe kuuliza kama vitambaa vyekundu bado vipo au nimebadilisha rangi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkulima wa mtama na alizeti,
Kongwa, Dodoma.